Mtani alisema msibani kwamba ukuta wa marehemu kaka yangu una udongo tumboni, tukacheka wote

Wakuu, salaam kwenu, wa mjini na wa porini.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu za msingi, linta na kupaua nazisoma karibu kila jioni nikitoka kazini, sijawahi kuchangia hata neno. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na sijui nimwulize nani.

Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia. Nitaeleza kama lilivyokuwa. Pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa, na ni pengi.

Mimi naishi Urambo, kazi yangu ni kupanga madaraja ya tumbaku. Kwetu ni Tabora mjini, pembeni kidogo, upande wa njia ya zamani inayokwenda Kwihara. Baba alishatangulia. Nilikuwa na kaka mmoja tu, Mrisho, naye ndiye marehemu ninayemzungumzia.

Kaka Mrisho alikuwa fundi uashi. Si fundi wa kubahatisha. Ukipita mitaa mingi ya Tabora kuna ukuta wake, na watu wanaujua bila kuambiwa. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kulaza tofali analigonga kwa mpini wa mwiko, anainamisha sikio, anasikiliza. Likilia vizuri analilaza. Likilia kama chungu chenye ufa analitupa nyuma bila kuangalia, na wasaidizi wake walijifunza kutosimama nyuma yake.

Mama yetu alikuwa anaishi kwenye nyumba ya tope ambayo baba aliiacha. Kona moja ilikuwa imeshaanza kukaa chini. Mrisho akasema atamjengea mama nyumba mpya pale pale kiwanjani, ya tofali za kuchoma, kwa mikono yake.

Alianza vizuri sana. Msingi akaweka mawe, si mawe ya kumwaga tu, alikuwa akiyapanga moja moja kama mtu anayepanga meno. Kiwanja chetu kwa nyuma kinashuka kuelekea mbugani, na mvua ikinyesha maji yanasimama huko, kwa hiyo upande wa nyuma akaupandisha msingi juu zaidi. Tofali alichoma mwenyewe kwenye tanuru lake.

Chumba cha nyuma ndicho alichosema ni cha mama. Kina dirisha linalotazama mashariki, ili akiamka kuswali apate mwanga mapema.

Kisha akaanza kuumwa. Tumbo. Akalazwa, akatoka, akarudi kazini akiwa mwembamba. Mimi nikiwa Urambo napiga simu, namwambia apumzike. Ananijibu, "Nitapumzika ukuta ukifika linta," yaani usawa wa juu ya madirisha, panapomwagwa mkanda wa zege.

Siku moja akanipigia mwenyewe, sauti ndogo, lakini ina furaha. "Umefika linta."

Baada ya hapo hakukaa sana. Mungu amrehemu.

Sasa ndio nafika kwenye kisa chenyewe.

Kaka alikuwa na rafiki yake wa kazi, fundi Kondo. Ni Mzaramo, alikuja Tabora kijana akaoa huku, na amefanya kazi na Mrisho miaka mingi. Sisi ni Wanyamwezi. Kwa wasiojua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Babu alituambia utani huu ulitoka njiani, zama za misafara ya miguu, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kulala kwa wenzao wa huko. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya chakula, na zaidi ya yote ana ruhusa msibani. Msiba bila mtani unakuwa mzito mpaka watu wanaugua.

Siku ya mazishi, tulipotoka makaburini, Kondo akaingia ndani akavaa kofia ya Mrisho. Akachukua mwiko wa Mrisho na timazi yake, ile kamba ya kupimia ukuta kama uko wima. Akatoka uani akitembea kama Mrisho alivyokuwa akitembea mwishoni, bega moja chini, mkono tumboni.

Wakuu, ilikuwa ni yeye. Hata kukohoa kwake.

Akazunguka nyumba mpya anagonga tofali na kusikiliza. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Alipofika ukuta wa nyuma akagonga, akasikiliza muda mrefu, akatugeukia.

"Nisikilizeni, mimi Mrisho. Nyumba nimewaachia, lakini huu ukuta wa nyuma nimewapiga. Una udongo tumboni. Mama msimlaze humu, asije akanifuata kabla sijapumzika."

Shangazi mmoja akamjibu, "Hata umekufa bado unatafuta kazi, Mrisho."

Watu wakacheka. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Na mimi nikacheka, tena sana.

Arobaini ikapita. Nikaomba ruhusa kazini nikarudi Tabora kumalizia nyumba, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia na ile kona ya nyumba ya zamani ilikuwa imeshaachia kabisa. Mama alikuwa amehamia kwa mdogo wake, mama mdogo Zuhura, na kila siku anauliza lini anahamia kwake.

Kondo alikuwa ameshapata kazi Lusu, huko Nzega. Nikamchukua fundi mwingine, Elia, kijana mtaratibu. Linta ilikuwa imemwagwa kuta zote isipokuwa ule wa nyuma. Elia akaweka timazi, akaweka pimamaji, akasema, "Kaka yako alikuwa fundi. Ukuta umenyooka kama rula. Namwaga linta, tunapandisha kenchi za paa, mama analala kwake."

Tulipokuwa tunasafisha kile chumba cha mama, nikaona njia ya mchwa.

Ule mstari wa udongo wanaotambaa ndani yake, mnaujua. Ulikuwa umetokea katikati ya ukuta, usawa wa kifua, kwenye mstari kati ya tofali na tofali. Haukupanda kutoka chini. Chini kulikuwa safi. Nikatoka nje kuangalia upande wa pili, nikakuta mti wa jukwaa la mafundi umeachwa umeegemea ukuta usawa ule ule, umeliwa. Maana yake walipanda na mti, wakaingia ukutani nje, wakatokea ndani.

Mimi si fundi, lakini nimekaa na fundi. Mchwa hawapiti kwenye saruji nzima.

Hapo ndipo maneno ya Kondo yakanirudia. Una udongo tumboni.

Nikamwambia Elia. Akaangalia, akasema mchwa ni mchwa, tupulizie dawa, tupige plasta, yataisha. "Timazi haidanganyi, kaka."

Sikujua nishike lipi. Kama ni utani, basi nitakuwa nimemchimba marehemu ukuta wake kwa sababu ya kichekesho. Na kama ni kweli, maana yake kaka yangu, aliyekuwa anatupa tofali kwa sababu ya mlio tu, alimjengea mama yake mzazi ukuta wa kudanganya. Yote mawili yalikuwa hayaingii kichwani.

Nikaenda kwa mama mdogo Zuhura. Akaniambia, "Maneno ya mtani msibani unayamwaga pamoja na maji ya kunawia. Ukiyaweka yatakuumiza."

Mama alikuwa amekaa pale pale anachambua mchele. Akasikia. Akauliza ukuta gani.

Nikamwambia nataka kuukagua ule wa chumba chake.

Akaweka ungo chini. "Asiuguse mtu. Ule ndio wa mwisho aliojenga. Mwanangu aliupandisha anaumwa, halafu leo aje mtu na nyundo? Nitalala humo humo."

"Mama, ukianguka?"

"Mrisho aniue mimi?"

Mngekuwa nyie mngejibu nini?

Nikampigia Kondo.

"Fundi Kondo, shikamoo."

"Marahaba mpagazi. Mzigo umekulemea?"

"Nauliza kuhusu ule ukuta wa nyuma."

"Si umwulize mwenyewe, amelala hapo karibu."

"Nauliza kweli, kaka."

"Na mimi nimekujibu kweli. Babu zako walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani, wewe ukuta mmoja unakutoa jasho." Akacheka, akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Mtani huwezi kumkasirikia, huo ndio ubaya wake. Ukikasirika wewe ndiye umekosa.

Niseme jambo moja hapa. Kujenga kwa udongo si dhambi. Nyumba ya baba ilikuwa ya tope na imetulea. Udongo wa kichuguu ukikandwa vizuri unashika, na nyumba nyingi za zamani za Tabora zimesimama nao mpaka leo. Lakini ukuta wa udongo unajengwa kama ukuta wa udongo: mnene, na paa linalotoka mbele kuukinga na mvua. Huu ulikuwa mwembamba, umejengwa kama wa saruji, na ulikuwa unasubiri kubebeshwa linta, kenchi na bati. Halafu unatazama mbugani, ambako mvua ya upepo inatoka. Udongo ukilowa katikati, nje hutaona kitu mpaka siku unayoona yote.

Basi siku iliyofuata, Elia akiwa ameenda kula, nikachukua spoku ya baiskeli. Nikatafuta mstari kati ya tofali mbili, karibu na ile njia ya mchwa, nikachokonoa.

Juu ilikuwa saruji, unene kama wa kucha. Ilipovunjika, spoku ikaingia bila kusukumwa. Ikaingia, ikaingia, mpaka vidole vyangu vikagusa tofali.

Nilipoitoa ilikuwa na vumbi jekundu.

Nje walipiga pointi tu, yaani walijaza saruji kwenye mistari inayoonekana. Ndani udongo mtupu.

Nikakaa chini pale pale. Sikulia siku ya mazishi, wakuu. Nililia siku ile. Na sikujua ninalia kwa sababu amekufa au kwa sababu ya spoku.

Nikampigia Kondo tena. Safari hii sikumwamkia. Nikasema, "Mchwa wametoka ukutani. Nimechokonoa."

Safari hii hakucheka.

Akauliza, "Mama ameshahamia?"

"Bado. Anasema tukishapaua halali kwingine."

"Usimwache alale humo. Nakuja."

Hakuniita mpagazi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alifika na mfuko wake wa vifaa begani, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akauwekea mkono ule ukuta kama mtu anayempima mgonjwa homa. Akanieleza.

Kaka alipokuwa amelazwa, saruji iliyobaki stoo ilipata unyevu ikaganda. Alipotoka akakuta mifuko imekuwa mawe. Kondo akamwambia wasubiri nyingine. Mrisho akasema hana muda wa kusubiri. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hawezi tena kuinua tofali, akawa anaelekeza kwa mdomo. Wapandishe kwa udongo wa kichuguu. Ile saruji kidogo iliyosalimika wapigie pointi nje ili mama asione. "Nikipata nafuu tutaurudia," akasema. "Nataka niuone umefika juu."

Kondo ndiye aliyelaza zile tofali. Mrisho alimwapisha asimwambie mtu, kwa sababu ni aibu, fundi kama yeye, na ni kwa mama yake.

Nikamwuliza, "Sasa mbona ulisema msibani?"

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Mimi sikusema. Mimi niliapa. Yule aliyesema alikuwa na kofia ya nani?"

Nikaigusa kofia ya Mrisho kichwani kwangu.

"Alisema yeye," Kondo akasema. "Nyie mkacheka. Nikafikiri mmesikia, mnacheka ili mama asiumie, halafu mtaubomoa kimya kimya. Uliponipigia nikajua unanitega niseme kwa mdomo wangu. Sikujua kwamba hamkusikia kabisa."

Nimelizungusha jibu hili kichwani mpaka leo. Kuna siku naona ni ujanja. Kuna siku naona ni uaminifu mkubwa kuliko ninaoujua.

Ikabaki shughuli ya mama. Nilimwambia Kondo mimi siwezi kumwambia mama kwamba Mrisho alimficha jambo. Na bila ruhusa yake siubomoi.

Tukaenda kwa mama mdogo Zuhura. Mama alikuwa uani na ungo wake wa mchele. Kondo hakumwamkia. Akaniomba ile kofia, maana mimi ndiye niliyekuwa naivaa. Akaivaa. Bega moja likashuka, mkono ukaenda tumboni.

Mama mdogo akaanza kucheka, akidhani ni yale yale. Kisha akanyamaza.

Kondo akapiga goti mbele ya mama, kwa ile sauti.

"Shikamoo mama."

Mama akaweka ungo chini.

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ule ukuta wako niliharakisha. Naomba ruhusa niurudie."

Mama akanyoosha mkono akamweka sawa kofia, kama alivyokuwa akimfanyia Mrisho akienda msikitini.

"Si ungeniambia tu. Urudie, baba. Usiharakishe."

Kondo akainuka, akavua kofia, akanirudishia, akatoka nje. Mama akarudi kwenye kazi yake. Sikuelewa kama mama alicheza naye ule mchezo au vipi, na sijathubutu kumwuliza.

Ukuta ulibomoka kirahisi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimeandaa nyundo, tofali zikawa zinatoka kwa mkono, zinaacha vumbi. Mpaka tulipofika usawa wa kifua, mwiko ukalia. Kuanzia pale kwenda chini ilikuwa saruji, ngumu, imeshika kama mwamba, kona zimeingiliana na ukuta wa pembeni tofali kwa tofali. Elia akaacha kubomoa, akasema hii haiguswi. Ulikuwa ukitazama unaona kabisa mahali kaka alipoanza kuugua.

Tukaanzia pale. Tofali zile zile, tulizisugua udongo, tukazizamisha kwenye pipa mpaka zikaacha kutoa mapovu, kwa sababu tofali kavu hunywa maji ya saruji na saruji inabaki unga. Kondo akalaza, mimi nikabeba. Kona tukaziunganisha tena na kuta za pembeni. Linta ikamwagwa. Mama ndiye alikuwa anamwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa kopo, hataki mtu amsaidie. Elia akataka kupaua mapema kwa sababu ya mawingu, mama akakataa, akasema ameshamwambia fundi asiharakishe.

Mvua ya kwanza ilitukuta bati liko juu. Mama analala chumba cha nyuma.

Nilichojifunza kuhusu ukuta: kunyooka si uimara. Timazi inakwambia ukuta umesimama wima, haikwambii ndani umeshikwa na nini. Kabla hujapiga plasta, chukua spoku au msumari mrefu uchokonoe mistari sehemu tofauti, juu, katikati na kwenye kona. Saruji iliyoshika itakukatalia. Saruji iliyoganda mfukoni usiisage ukairudisha kazini, na usijenge juu ya ukuta bila kujua ni wa saruji au wa udongo. Na mti wa jukwaa usiuache umeegemea nyumba.

Nilichojifunza kuhusu mengine, bado sijui nikiandikeje. Kaka yangu alidanganya, na kaka yangu alisema ukweli, na yote aliyafanya kwa ajili ya mama. Kondo alitunza kiapo kwa kuitoa siri mbele ya watu wote. Na sisi ndugu, tuliokuwa pale karibu kabisa, tulicheka.

Siku ya mwisho, tukiwa tunamalizia kozi ya juu, mstari wa mwisho wa tofali, nilimwuliza Kondo: siku ile mbele ya mama, ulikuwa unaigiza, au?

Akagonga tofali kwa mpini wa mwiko, akainamisha sikio.

"Mpagazi," akasema, "lete tofali."

Wakuu, wenye watani mnisaidie. Mtani akisema neno msibani, kwenu mnalipokeaje? Mnapima vipi lipi la kucheka na lipi la kwenda kuchokonoa? Na mafundi mliopo humu, kama nimekosea popote kwenye habari za ujenzi, nirekebisheni. Nitasoma yote, hata matusi.